Muhuri Juu ya Tarehe

Gisenyi, Jumamosi, 18 Januari 2025

Kaka Igor,

Shikamoo. Naahidi kwamba katika barua hii nitakueleza yote, hata yale ambayo hutayapenda, kwa sababu Mama alitufundisha kwamba barua yenye nusu ya habari ni afadhali isiandikwe. Simu haturuhusiwi hapa shuleni, kwa hiyo Matroni ataifikisha bahasha hii ajansi ya mabasi, na wewe utaichukua Nyabugogo ukitoka kazini.

Leo asubuhi kwenye klabu ya kompyuta, Mwalimu Vénuste alituambia tuchomoe mausi zote tumpelekee mezani kwake. Kisha akasema tuzime skrini. Cedric akauliza, "Mwalimu, tunajifunza kompyuta au tunalala?" Mwalimu akamjibu, "Leo unajifunza kuwa mgeni. Tunaingia kwa Nziza."

Nziza ni mwenzangu wa darasa, na kitanda chake kiko jirani na changu. Haoni tangu alipougua akiwa na miaka minane, kule Goma, kabla familia yake haijarudi huku. Katika maabara anatumia kompyuta iliyo na programu ya kusoma: chochote kilichoandikwa kwenye skrini, sauti inamsomea kwenye hedifoni. Kinyarwanda inakisoma kama padri mgeni aliyeshuka kwenye ndege jana, lakini Nziza ameshaizoea. Darasani ananishinda hisabati, na hesabu zenyewe anazipiga kichwani.

Mwalimu alitueleza kwamba wanaojenga tovuti duniani walikubaliana viwango, ili ukurasa mmoja ufunguke kwenye mashine mpya na kuukuu, na usomeke kwa anayeona na asiyeona. Kila picha iwe na maneno ya kuieleza. Kila kitufe kiwe na jina. Hakuna polisi anayekuja kukukamata usipovifuata. "Ni ahadi ya mafundi," alisema, "na fundi hujulikana kwa ahadi."

Basi Nziza akaniomba tufungue tovuti ya Mfuko wa Daraja, ule unaowasomesha wanafunzi wenye ulemavu. Kabla sijaizima skrini yetu, chini kabisa ya ukurasa nikaona: "Imetengenezwa na Igor Hitimana." Nilipiga kelele, darasa zima likageuka. Nikasema, ni kaka yangu huyu! Nziza akanipa upande mmoja wa hedifoni ili tusikilize pamoja.

Kaka, nilisikia hivi: "Picha. Picha. Kitufe. Kitufe. Kitufe. Kiungo, bofya hapa. Kiungo, bofya hapa. Picha."

Nziza alicheka. Alisema, "Kaka yako ana vifungo vingi kuliko kanzu ya padri, na hakuna hata kimoja kilichobatizwa."

Mimi sikucheka. Mjomba wake aliyekuwa akimlipia ada alifariki mwezi wa kumi na moja. Mama yake, Mama Mukantwari, anauza mboga sokoni Mahoko, na mwaka huu ulikwisha lipiwa, lakini mwaka ujao, wa mwisho wa shule, bado haujalipiwa. Mfuko usipomchukua, Septemba Nziza harudi shuleni. Na huo Mfuko unasema kila jambo, ombi na matangazo na mahojiano, litapitia tovuti tu.

Nilichagua tangazo la masharti. Sauti ikasema, "Picha, elfu mbili na arobaini na moja," ikanyamaza. Namba hiyo ilikuwa jina la faili tu, basi nikawasha skrini. Ilikuwa picha ya karatasi yenye muhuri. Ikabidi nimsomee mimi.

Kuna jambo jingine. Karibu na jina lako kuna alama ndogo ya bluu inayosema kwamba ukurasa umetimiza viwango vyote. Sikuielewa. Tafadhali, Kaka, vipe vitufe majina, na matangazo uyaandike kwa maneno. Najua wewe ukijua jambo huliachi.

Mdogo wako,
Umutesi

*

Kigali, 27 Januari 2025

Mwalimu Umutesi,

Marahaba. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama palepale ajansi, watu wakinipita na magunia ya karoti. Bon, nimekoma. Nimepigwa na mdogo wangu, na bado siku hizi unaandika Kiswahili cha Karagwe kuliko mimi niliyekisomea kule Tanzania.

Kuhusu vitufe, una haki. Niliifanya ile kazi kwa haraka, nikachukua michoro midogo mizuri, jicho linaona mara moja: bahasha, nyumba, penseli. Nikasahau kwamba si kila mtu anakuja na jicho. Nitaviwekea majina.

Matangazo ni hadithi nyingine. Mwaka juzi niliyaandika kwa maneno, safi kabisa. Siku hiyo simu za ofisi hazikupumzika. "Kashe iko wapi, mbona hamna muhuri?" Kuna mzee alishuka kutoka Nyakiriba kwa miguu kuja kuuliza kama ni matapeli. Bwana Mugabo, mkurugenzi wa Mfuko, akaniita akaniambia, "Igor, tangazo lisilo na muhuri ni uvumi." Tangu hapo katibu wake huko Gisenyi anachapa, yeye anatia sahihi, anagonga muhuri, katibu anapiga picha kwa simu, mimi naiweka. Watu wetu wanaamini wino, mdogo wangu. Utawafanyaje?

Kuhusu ile alama, usinichekeshe. Mkataba ulitaka iwepo, nikaiweka. Kila mtu anaiweka. Ni kama "Karibu" kwenye mlango wa duka.

Jumapili ya tarehe tisa Februari ni siku ya kutembelewa, nitakuja. Mwandalie Nziza kiti karibu nami, nataka anisomeshe. Nitaleta maandazi, si biskuti.

Kaka yako mkosefu,
Igor

*

Gisenyi, Jumamosi, 22 Februari 2025

Kaka Igor,

Shikamoo. Tangu uondoke Nziza anakuiga. Anashika kichwa na kusema, "Ah non, non, hii ni aibu," kama wewe ulipovaa hedifoni ukafumba macho ukashindwa kuipata hata penseli yako mwenyewe. Bweni zima linakujua sasa. Cedric anakuita Bwana Ah-Non.

Leo asubuhi alijaza ombi. Nilikuwa nimekaa karibu naye, mkono wangu uko tayari, akaniambia, "Ondoka, Umutesi. Nenda kule dirishani. Usinisaidie." Nikaenda. Nilimwona anasikiliza, anaandika, anasikiliza. Sauti ilisema "Jina la ukoo," ikasema "Shule," ikasema "Eleza kwa nini unaomba," kila kisanduku kikiitwa kwa jina lake. Mwishoni akachomoa hedifoni ili wote tusikie: "Kitufe, tuma ombi." Akabonyeza. Mwalimu Vénuste aligeukia ubao akaanza kufuta maandishi ambayo hayakuwepo.

Kaka, sijui kama unaelewa ulichofanya. Nziza alisema ni mara ya kwanza ameomba kitu bila mtu kusimama nyuma yake akijua anachoomba.

Sasa lililobaki. Matangazo bado ni picha. Kila Jumamosi namsomea mimi, sawa, sichoki. Lakini tarehe nne Aprili shule inafungwa. Mimi nitakuwa kwa Shangazi kule Rubona na yeye atakuwa Mahoko, na mahojiano ni wakati wa likizo. Mama yake hajui kusoma. Nani atamsomea?

Mwalimu anasema si lazima mgombane na Bwana Mugabo. Picha yenye muhuri ibaki, wanaotaka wino wauone. Chini yake yaandikwe maneno yaleyale. Viwango havikatazi muhuri, vinakataza muhuri peke yake. Tafadhali mwambie.

Na ile picha uliyompiga Nziza akicheka kwenye kompyuta, ukasema ni ya kumbukumbu, usisahau kututumia. Mama yake ameahidi kuitundika.

Mdogo wako,
Umutesi

*

Kigali, 21 Machi 2025

Mdogo wangu,

Kwa ufupi, nina kazi hadi puani. Bwana Mugabo nimeshamweleza. Ni mgumu, lakini analainika. Kabla hamjafunga shule maneno yatakuwa chini ya kila picha, nakuapia. Mwambie Nziza asiwe na wasiwasi, akafungue tovuti kwa simu ya mama yake, atasikia kila kitu.

Ameingia orodha ya watakaohojiwa! Usimwambie bado, tangazo litatoka.

Picha ninayo. Imetoka vizuri mno.

Igor

*

Gisenyi, 26 Aprili 2025

Kaka Igor,

Nakusalimu. Naandika mwenyewe kwa kompyuta, na Mwalimu Vénuste atachapa bila kusoma, ameniahidi. Umutesi hajui kama nakuandikia. Yeye analia kila nikitaja jambo hili, na mi nataka kulieleza mara moja bila mtu kulia.

Likizo yote nilifungua tovuti asubuhi na jioni kwa simu ya mama. Simu yake inasoma, nilimwekea. Siku moja nikasikia kitu kipya: "Tangazo." Halafu, "Picha, mia nne na kumi na saba." Halafu kimya.

Umutesi alikuwa ameniambia kama kabla ya likizo maneno yatakuwa chini ya kila picha, wewe umeapa. Basi, donc, nikajua picha ni picha tu, labda ya ofisi, labda ya ziwa, na maneno yanakuja. Nikangoja maneno. Sikutaka kumsumbua mtu. Nilikuwa nimeshaonja kufanya jambo peke yangu.

Siku ziliendelea kupita. Mama ndiye aliyechoka. Akasema, "Nziza, hiyo picha iko inakaa pale kama mugeni hasemi jina. Twende tuulize." Tukaenda kwa Mudathiru, anauza viatu vya mitumba karibu na meza yetu sokoni, anajua kusoma vizuri. Nakuandikia maneno yake kama yalivyokuwa, ninayakumbuka yote.

Alisema, "Eh, Nziza! Hii ni barua ya kweli! Iko na kashe, tena kubwa!"

Mama akamwuliza, "Inasema nini?"

"Wanashukuru wote walioomba. Bon. Chini iko majina. Nziza, jina lako iko! Namba tatu!"

Wamama wa mboga walipiga vigelegele, mmoja akanishika kichwa. Mi nikauliza, "Mahojiano ni tarehe ngapi?"

Mudathiru akarudia kusoma kwa sauti ndogo. Akasema, "Kashe imekalia tarehe. Naona moja, halafu ingine iko ndani ya wino. Ni sita. Kumi na sita."

Mama akamwambia, "Angalia muzuri, Mudathiru. Ni maisha ya mutoto."

"Mama Nziza, mi naangalia na macho mbili. Ni sita."

Tarehe kumi na sita tuliamka mapema. Mama alinivalisha kitenge chake kipya, akakibana na pini kwa sababu ni kikubwa. Tukafika ofisini kabla haijafunguliwa. Mlinzi akatuuliza tunataka nini. Akasema, "Mahojiano? Yalikuwa jana."

Mama akasema, "Jana gani? Barua inasema leo." Mlinzi akaenda kuleta karatasi yenyewe, ile ya mezani, si ya picha. Kwenye karatasi ilikuwa tano. Kumi na tano. Muhuri ulipita juu yake, lakini ukiishika karibu na dirisha, alisema, inaonekana.

Bwana Mugabo alitoka. Alikuwa mpole, alinitafutia kiti. Alisema anasikitika sana, lakini wajumbe wa mahojiano walikwisha rudi Kigali, na tangazo lilikuwa kwenye tovuti wiki nzima, na tovuti ina alama ya kuonyesha kila mtu anaweza kuisoma. Mama akamjibu, "Mutoto wangu hawezi kuona kashe, Bwana. Kashe haina sauti."

Nilisikia anavua miwani anaiweka mezani.

Kaka Igor, sikuandiki kukulaumu. Umutesi aliniambia ni ofisi ilikukatalia. Nataka kujua jambo moja tu: iko mtu unaweza kuzungumza naye, ili wanisikilize hata dakika chache? Majibu yangu nilikwisha yaandaa. Bado ninayo yote kichwani.

Vitufe vyako ni vizuri. Vyote vinasema majina.

Nziza

*

Kigali, 12 Mei 2025

Umutesi,

Nakuandikia wewe kwa sababu Nziza sijui nimwandikie nini.

Nilimpigia Bwana Mugabo siku hiyohiyo barua yake iliponifikia. Nafasi zimejaa, majina yamekwenda kwa wafadhili, hakuna la kufanya hadi mwaka ujao. Na yale maneno chini ya picha, nilikwambia kwa simu ulipokuwa kwa Shangazi, yeye ndiye aliyekataa. Mimi ni fundi tu. Mwenye nyumba akisema mlango uwe huku, fundi atauweka huku. Na yule Mudathiru naye, angesema tu "sioni", si wangepiga simu ofisini? Sisi watu wetu tunaona aibu kusema hatuoni.

Samahani. Sikulala vizuri.

Sasa sikiliza, kuna jambo linaweza kugeuza haya yote. Tovuti ya Mfuko imepata tuzo. Kweli. Mkutano wa watengeneza tovuti hapa Kigali umeichagua katika kundi la "tovuti zilizo wazi kwa wote". Waliona ile fomu inavyosomeka. Tarehe ishirini Juni natakiwa nisimame niwaeleze watu nilivyofanya, na wameuliza kama ninaweza kuleta mtumiaji. Nimemtaja Nziza. Nauli italipwa, watalala vizuri, yeye na mama yake. Atakaa jukwaani ajaze ile fomu mbele yao kama alivyoijaza kwenu. Ukumbi utajaa wakubwa, Umutesi. Mmoja wao anaweza kusema, huyu namlipia mimi. Mambo ya namna hiyo hutokea.

Jambo dogo. Ile picha yake niliiweka ukurasa wa kwanza mwezi wa nne, mkiwa likizo. Inapendeza, na chini yake pana maneno, "Mlango uko wazi kwa kila mtu." Yeye hajui, wala haina haja ajue kabla ya mkutano, asije akajisikia vibaya. Barua hii usimsomee.

Mshawishi aje. Ni kwa faida yake.

Igor

*

Gisenyi, Jumamosi, 7 Juni 2025

Kaka Igor,

Shikamoo. Heshima hiyo sijaiondoa, na barua hii nayo itakuwa na yote ndani yake.

Barua yako niliificha ndani ya kitabu cha baiolojia, sikumsomea Nziza, kama ulivyoagiza. Chakula kilinishinda. Nziza aliuliza kama nimeugua, nikasema ni meno. Kwa hiyo ulinifundisha kitu kimoja, kwamba mtu asiyeona unaweza kumdanganya ukiwa umekaa naye kitanda kimoja, na yeye akakutafutia karafuu ya kuweka kwenye jino.

Kisha niliomba ruhusa, na Mwalimu Vénuste akanisindikiza hadi ofisi ya Mfuko hapa mjini. Sikwenda kugombana. Nilikwenda kumwomba Bwana Mugabo abadilishe mawazo, ili mwaka ujao mwingine asingoje maneno yasiyokuja. Nilikuwa nimeyaandika niliyotaka kusema, kwa adabu.

Alinisikiliza hadi mwisho. Akamwita katibu, akamwuliza kwa Kinyarwanda kama kuna siku Igor aliwahi kuleta ombi la kuweka maneno chini ya picha. Katibu akasema hapana. Bwana Mugabo akanigeukia akasema, "Binti, nilisema tangazo liwe na muhuri. Sikusema lisiwe na kitu kingine. Angeniambia, ningemkatalia kwa sababu gani? Katibu ameshayachapa kwenye kompyuta. Maneno yapo."

Maneno yalikuwepo, Kaka. Yalikuwepo ndani ya kompyuta ya katibu kabla hayajachapwa, kabla hayajagongwa muhuri, kabla hayajapigwa picha. Ilikuwa kazi ya kunakili na kubandika. Tulipofika lango la shule Mwalimu akasema, "Niliwaambia fundi hujulikana kwa ahadi," na nikatamani asingelisema.

Sikupata nafasi ya kuamua kama nitamwambia Nziza, kwa sababu Jumamosi iliyofuata Cedric alifungua tovuti maabara akapiga kelele, "Nziza! Umekuwa staa! Uko ukurasa wa kwanza, umecheka meno yote nje!" Alidhani ni furaha. Cedric hana ubaya.

Nziza akasema, "Mimi? Wapi?" Akaenda kwenye kompyuta yake, akafungua ukurasa, akasikiliza. Akarudia. Akachomoa hedifoni tusikie sote. Sauti ilisema, "Picha, IMG sifuri mbili sifuri tisa. Mlango uko wazi kwa kila mtu."

Akauliza, "Ndiyo mimi hiyo? Sifuri mbili sifuri tisa?"

Nikasema ndiyo.

"Nafanya nini?"

"Unacheka. Mkono wako uko kwenye kibodi."

Alifikiri kidogo. Akasema, "Nakumbuka. Nilicheka kwa sababu alikuwa ananiambia yote yatakuwa tayari." Kisha akasema, "Likizo yote nilikuwa napita juu ya uso wangu kutafuta tangazo."

Cedric alilia, alikwenda nje. Mimi nilikwenda bwenini nikaleta barua yako, nikamsomea yote, hata pale uliposema usimsomee, nikamweleza na aliyoniambia Bwana Mugabo. Hakuwa na hasira na wewe. Laiti angekuwa nayo. Aliuliza tu, "Kwa hiyo hakumwuliza?" Nikasema hakumwuliza. Akasema, "Alikuwa na kazi nyingi," akakunja waya wa hedifoni vizuri, akauweka mfukoni.

Shule inafungwa tarehe ishirini na saba. Nziza ameanza kugawa vitu vyake. Mimi amenipa godoro dogo la kukalia na kamusi ya nukta nundu za kusomwa kwa vidole, ambayo siwezi kuisoma, nami sikuikataa. Mama Mukantwari alikuja Jumapili, akaniletea karoti, akaniambia, "Umutesi, wewe uliandika barua mingi kwa ajili ya mutoto wangu. Aksanti." Sikujua nitazame wapi. Amekwisha mtengea Nziza nafasi kwenye meza ya sokoni, upande wa maharage, kwa sababu maharage yanatambulika kwa vidole.

Nikueleze na jambo la upande mwingine, usije ukadhani naandika kwa chuki tu. Klabu yetu tumewaandikia wenye tovuti wengi wa wilaya hii, kwa barua kama hizi, kuwaeleza viwango na kuwaomba waweke maneno chini ya picha zao za muhuri. Wengi hawakujibu. Walijibu wavuvi wa Rubona, ushirika mdogo wenye ukurasa mmoja tu wa kutangaza bei ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Katibu wao alisema hakujua kabisa. Siku mbili baadaye tulifungua: karatasi yenye muhuri iko palepale, na chini yake bei zimeandikwa, zinasomeka. Nziza alizisikiliza, akasema, "Sambaza zimepanda." Hiyo ndiyo habari ya kwanza yenye muhuri aliyoisoma mwenyewe maishani mwake. Kwa hiyo najua inawezekana, na sitaacha kuandika. Mwaka ujao kutakuwa na mwingine anayeomba.

Sasa kuhusu mkutano. Nilifikiri atakataa. Hakukataa. Amesema nikuandikie kwamba atakuja, yeye na mama yake, na mimi niwasindikize kama Mkuu wa shule ataruhusu. Ana sharti moja. Hatatumia hedifoni. Kompyuta iunganishwe na spika kubwa za ukumbi, wageni wote wasikie anachokisikia yeye. Na hataanzia kwenye fomu. Ataanzia pale mtu yeyote anapoanzia, juu ya ukurasa wa kwanza, ashuke polepole.

Mwalimu Vénuste alituonyesha ndani ya ukurasa wako, yale maandishi ambayo msomaji haoni. Pale ilipo picha ya Nziza kuna mahali pa kuandika maelezo yake. Katikati ya alama mbili za nukuu umeacha namba ya kamera tu, hamna neno hata moja. Mwalimu anasema maelezo mazuri ni mafupi: ni nani, anafanya nini, na kwa nini yuko pale. Wewe unajua majibu yote matatu kuliko mtu mwingine yeyote.

Tarehe ishirini inakaribia, nami nataka kujua kabla hatujapanda basi. Nijibu kwa gari litakalorudi kesho, hata kama ni mstari mmoja. Nziza amekaa hapa karibu nami naye anangoja: sauti ikifika kwenye uso wake mbele ya watu wote wale, itasoma umeandika nini?

Umutesi